Bustani ya milioni sita na laki nane imekauka ndani ya miezi sita. Niivumilie au nimwage zege?

MamaKibada

Wakuu salaam. Naombeni mawazo kabla sijagombana na mume.

Tunakaa Kibada, Kigamboni. Kiwanja ni mita 20 kwa 30. Nyumba imekula kama mita za mraba 180, pavingi ya gari na njia kama 110, iliyobaki yote ni bustani.

Agosti mwaka jana tulimaliza rangi, tukasema na nje sasa pafanane na ndani. Shoga yangu akaniunganisha na mtu wa kubuni bustani. Akaja na futi kamba yake, akapima, akauliza napenda rangi gani. Wiki iliyofuata akanitumia picha kwenye simu: nyumba yangu mwenyewe, majani kama zulia la msikitini, minazi ya mapambo minne imesimama kama askari wa gwaride, taa zinamulika kutoka chini. Nikamwonyesha hadi mama mkwe. Bei 6,800,000, humo humo miche, udongo mweusi na ufundi. Tukalipa kwa awamu tatu.

Kazi ilichukua siku tisa. Siku wanaondoka palipendeza jamani, sisemi uongo. Vuli ikatubeba hadi Desemba.

Sasa ni Februari. Majani yamekauka kwa mabaka, ukiyakanyaga yanalia kama biskuti. Ile ixora ya maua mekundu imegeuka njano, ila mishipa ya jani bado ya kijani. Minazi ncha zimeungua kama mtu kazipitishia kibiriti. Juu ya udongo naona unga mweupe. Na namwagilia! Kila jioni saa nzima na mpira, maji ya kisima chetu, pampu inanguruma na LUKU inateremka naitazama.

Halafu kuna mkataba wa matunzo, 250,000 kwa mwezi. Kijana amekuja mara mbili tu. Mara ya pili alifyeka na kwanja hadi udongo ukaonekana, akarusha urea kwa mkono kama anawarushia kuku mtama, akaaga. Nikipiga simu naambiwa bustani ni nzima, mimi ndiye sijui kumwagilia.

Baba watoto anasema ng'oa vyote, mwaga zege, tupate na pa kuegesha gari la pili. Mimi sitaki. Joto la huku mnalijua, na watoto wanacheza mpira humo. Nimeweka picha tatu. Risiti imeandikwa "paspalum". Naombeni anayejua kazi hii aniambie ukweli, hata kama unauma.

Mkude_wa_Pugu

Milioni sita kwa majani? Mimi nina mbuzi wanne, wanakata bure na samadi wanaacha hapo hapo.

FundiMajani

Mkude acha utani, dada ana shida.

Dada MamaKibada, pole. Mimi nina kitalu cha miche pembeni ya Barabara ya Bagamoyo, mwaka wa 19 huu, na bustani za watu nimetengeneza nyingi. Aliyekufanyia kazi simjui, sitamsema. Nitasema ninachokiona kwenye picha.

Picha ya pili nimeikuza. Hayo majani si paspalum. Paspalum ya pwani jani lake jembamba, ukilipapasa kama nywele ngumu. Hilo lako ni pana kama kidole, ncha butu, na linalala chini. Ni yale majani ya kapeti, yanapenda kivuli na unyevu. Ukiyaweka juani Kigamboni na kuyanywesha maji ya chumvi unayaonea tu. Pengine naye aliuziwa hivyo kitaluni, hayo hutokea.

Lakini hata yangekuwa paspalum yenyewe, bado kuna hesabu ambayo haikupigwa. Milimita moja ya maji juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Majani ya juani yape milimita 25 kwa wiki, na kwa Februari yetu hiyo ni ya kubana. Eneo lako la majani nalikadiria mita za mraba 280. 280 mara 25 ni lita 7,000 kwa wiki. Lita 1,000 kila siku ya Mungu, kabla hujafua, hujaoga, hujapika. Tanki ninaloliona pale nyuma ni la lita 2,000. Bustani yako ilianza kukauka siku ile ile ilipochorwa, vuli ilikuwa inaificha tu.

Sisi mafundi tuna ugonjwa huu. Mteja anauliza "itapendezaje", nasi tunamjibu swali hilo hilo. Hakuna anayeanza kwa kuuliza tanki lina lita ngapi na nani atashika mpira mwezi wa pili. Mimi mwenyewe 2011 nilimpandia mzee mmoja Mbezi Beach miashoki 30 kando ya ukuta, mita moja moja, kwa sababu picha ilitaka hivyo. Miaka minne baadaye akaniita niing'oe, na pesa ya kung'oa ilizidi ya kupanda. Nilimkata nusu bei kwa aibu.

Sasa kabla ya kung'oa au kumwaga chochote, nifanyie mambo mawili, uje uniambie.

Moja, chukua sururu uchimbe shimo kwenye baka lililokauka kabisa. Liwe la kina cha goti. Usiangalie juu, angalia ubavuni mwa shimo, uniambie umeona nini kuanzia juu kwenda chini.

Mbili, pima chumvi ya maji ya kisima. Wanaochuja maji ya kunywa mtaani wanacho kipimo kidogo kama kalamu, unachovya tu. FAO, lile shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wana mwongozo wao wa maji ya kumwagilia: chini ya miligramu 450 kwa lita huna wasiwasi, kati ya 450 na 2,000 unakwenda kwa uangalifu, juu ya 2,000 chagua mimea yako vizuri sana au utafute maji mengine.

Na ule mpira wa kila jioni, ngoja kwanza. Chukua kopo tupu la samaki, liweke katikati ya majani, umwagilie kama kawaida yako. Ukimaliza tumbukiza rula. Nabashiri hutapata hata milimita tatu. Maji yanalowesha juu, jua la kesho yake linayanyonya, chumvi inabaki. Huo ndio unga wako mweupe.

Sista_Tegeta

Pembeni kidogo ya mada: kwenye picha ya tatu vyungu vya barazani vina visahani vimejaa maji. Mimi ni muuguzi. Dengi ya 2014 na ya 2019 tuliipata vizuri hapa Dar, na mbu wake anauma mchana na anazaliana kwenye maji kama hayo. Mwaga, ujaze mchanga. Haya, endeleeni.

MamaKibada

Visahani nimemwaga sasa hivi, asante sista.

FundiMajani, kopo: milimita mbili. Saa nzima! Nikajiona nimekuwa nanawisha majani miguu.

Kalamu: 1,640. Nimepima mara tatu.

Shimo sasa. Alichimba mdogo wangu, mimi nimeshika tochi ya simu. Udongo mweusi vidole vinne, basi. Chini yake kifusi. Plasta iliyoganda, vipande vya vigae vya choo changu mwenyewe (nimevitambua, vya bluu), waya, na mfuko wa simenti umegandia humo mzima mzima kama mtu aliyelala. Sururu iligoma, tukatumia mtaimbo. Mchanga tumeukuta chini ya hapo. Baba watoto alikuja kuangalia, hakusema kitu, akaingia ndani. Sijui ni ushindi au nini.

FundiMajani

Ahsante kwa kuchimba, wengine hawachimbi.

Hiyo ixora ya njano yenye mishipa ya kijani ndiyo habari ya simenti. Ixora hutaka udongo wenye uchachu kidogo. Penye masalio ya simenti na chokaa, chuma kinakuwepo udongoni lakini mzizi hauwezi kukichukua, jani linapauka. Ukimwaga mbolea hapo unapoteza hela. Mafundi ujenzi huwa wanasawazisha kifusi chao, mtu wa bustani anakuja anatandaza juu yake mweusi wa kirikuu mbili, picha inapigwa, kazi imekwisha. Chumvi nayo ikishuka inakutana na lile zege, haina pa kwenda, inapanda tena.

Zege usimwage, tayari unalo chini. Ningekuwa mimi, ningefanya hivi.

Majani ningepunguza hadi mita za mraba 100, pale watoto wanapochezea basi. Hapo tu ndipo utoe kifusi chote hadi mchanga, urudishe udongo na samadi iliyooza, upande paspalum ya kweli. Hata usinunue mazulia yake, nunua magunia ya vipandikizi, vichomekwe kiganja kimoja kimoja, masika yatavifunga. Mita 100 ni lita 2,500 kwa wiki. Hiyo unaiweza. Mwagilia mara mbili au tatu kwa wiki, asubuhi, nyingi kwa mpigo, uache katikati pakauke.

Kwingine kote weka vitu vinavyoijua pwani. Bogenvilia, hiyo ukiidekeza haitoi hata maua. Mshubiri. Chini ya kile kivuli cha mwarobaini wa jirani, nyasi za Pemba, zile za jani pana zinazostahimili kivuli na chumvi. Juu ya udongo tandaza makumbi ya nazi unene wa kiganja, Kigamboni hayakosekani, yazuie jua lisinyonye maji. Minazi ya mapambo iache iliyo hai, ile miwili ya getini naona imeshaaga.

Na mifikasi mitatu uliyopandiwa karibu na shimo la maji taka, ing'oe leo, si kesho. Sasa hivi inakufikia kiunoni, inapendeza. Ukitaka kujua mti mdogo huja kuwa nini, siku ukiwa mjini ingia ile bustani ya mimea karibu na Makumbusho ya Taifa, Wajerumani waliianzisha 1893. Tembea taratibu uangalie mizizi, halafu ulifikirie shimo lako.

Mwisho, bati lako. Paa la mita za mraba 180 likipigwa na mvua ya milimita 10, hizo ni lita 1,800. Toa zinazopotea, sema 1,500 unazo. Maji matamu, bure, na wewe yanatiririkia barabarani. Weka mifereji na tanki la pili kabla ya Machi. Nusu ya pesa unayolipia matunzo kwa mwaka inatosha kuanzia.

Mama_Tengeru

Nami nichangie kutoka Arusha, maana naona kuna mtu ataleta wazo la majani ya Kikuyu. Msiyashushe huko. Haya ni ya baridi, ya milimani. Shemeji yangu alibeba viroba viwili kwenye basi hadi Tabata, yakafa kwa heshima zote.

Huku kwetu kesi ni kinyume. Maji tunayo, majani hayashikiki. Usipoyakata ukingo kwa sepetu kila wiki mbili yanaingia kwenye waridi, yanapita chini ya pavingi, yanatokea upande wa pili yanacheka. Kwa hiyo nami nina kijana wa bustani, na hilo ndilo ninalotaka kumuuliza FundiMajani: unamlipaje mtu wa matunzo? Kwa mwezi anakuja anapokumbuka. Kwa siku anavuta muda, mti mmoja anaupogoa kuanzia chai hadi ugali.

FundiMajani

Mama Tengeru, mlipe kwa duru. Duru moja, orodha moja, pesa moja, na akimaliza mapema aende zake.

Tatizo la mikataba yetu ni neno "matunzo". Kila mtu ana matunzo yake. Andika kazi. Kwa dada wa Kibada mimi ningeandika duru mbili kwa mwezi kiangazi, tatu wakati wa mvua. Kila duru: kukata majani kwa mashine, asishushe zaidi ya theluthi moja ya urefu wake. Mashine hana, basi fyekeo lakini mwenye nyumba awepo, maana kufyeka upara kama ulivyofanyiwa ni kuuacha udongo uchi Februari. Kung'oa magugu na mzizi, siyo kukwangua. Kupogoa kilichochanua. Kuangalia mchwa chini ya makumbi, atayapenda sana hayo. Uchafu aondoke nao.

Mbolea asiitupe kienyeji. Urea kilo moja kwa mita za mraba 100, ipimwe kwenye mzani, isambazwe majani yakiwa makavu na kumwagiliwa papo hapo. Ile ya kurusha kama mtama ndiyo imekuachia yale madoa ya duara kwenye picha ya kwanza. Wewe ukadhani ugonjwa.

Na kumwagilia kusiwe kazi yake. Mtu anayekuja mara mbili kwa mwezi hawezi kumwagilia. Hapo ndipo wengi wanadanganyana: mteja anaamini amelipia, kampuni inaamini mteja anafanya, majani yanakufa katikati.

Kuhusu kudai pesa: risiti imeandikwa paspalum, majani si paspalum. Hilo unalo mkononi. Kifusi kitakuwa mabishano, atasema alikikuta. Mwite kwa upole, mwonyeshe shimo usilifukie, udai tofauti ya majani. Usidai milioni sita, utakosa hata laki sita.

Bi_Mkunazini

Wanangu nimewasoma kuanzia juu. Mimi ni mtu mzima wa Unguja, bustani ya zulia la majani sijawahi kuwa nayo wala siitamani. Nina ua tu, na uani mna mlangilangi mmoja, asumini imepanda ukutani, mrehani kwenye makopo ya samli, na mkilua niliopewa na marehemu mama. Maji ya kuoshea mchele ndiyo yao. Jioni ukifungua mlango wa uani harufu inakupokea kabla ya mtu.

Nyie mnapanda vitu vya kutazamwa na wapita njia. Binti, tenga hata pembe moja ya kunusa, karibu na dirisha la chumbani, uchume ufunge kikuba chako. Huyo mume mwenye zege atanyamaza mwenyewe.

MamaKibada

Bi Mkunazini umeniua. 😂 Nimesikia.

Wakuu, ni Mei sasa, narudi na mrejesho maana wengine wakishasaidiwa hupotea.

Fundi wa kwanza alikuja. Alisimama kwenye shimo muda mrefu, akasema alinunua majani kwa mtu akaambiwa ni paspalum. Amerudisha 900,000 kwa mara mbili. Sikumbana zaidi. Mkataba wa matunzo tumeuvunja.

Kifusi kilitoka kirikuu saba. Saba! Vijana wawili, siku nne, na mtaimbo mmoja umepinda. Mifikasi tumeing'oa, mmoja mzizi ulikuwa umeshafika kwenye mfuniko wa shimo. Mume ndiye aliyeuona, akauita jina la kizungu ambalo siandiki hapa. Tangu hapo yeye ndiye msimamizi wa bati na mifereji, amenunua tanki la lita 5,000, na kila mvua ikikatika anapanda ngazi kuangalia limefika wapi, ananitangazia kama mpira wa redioni.

Paspalum ilipandwa wiki ya mwisho ya Machi. Imefunga karibu yote, imebaki sehemu ya ukubwa wa mkeka. Bogenvilia tatu ukutani. Nyasi za Pemba zimekubali chini ya mwarobaini. Pembeni ya dirisha kuna asumini, mlangilangi bado ni fimbo yenye majani sita lakini nimeuamini.

Swali dogo la mwisho. Tangu mvua ianze konokono wamejaa, wale wakubwa wa ngumi, wamekula mrehani wote usiku mmoja. Jirani anasema niwanyunyizie chumvi. Niwafanyeje?

FundiMajani

Waokote usiku kwa tochi, weka kwenye ndoo yenye mfuniko, vaa glavu au mfuko mkononi. Siku nne mfululizo utaona tofauti.

Chumvi usithubutu dada. Tumetoka kuihamisha juzi tu.